Adhabu Haikuzaa Adabu

Adhabu na adabu si ndugu. Wengi huamini kwamba neno la kwanza ndilo mzazi wa la pili, na juu ya mfanano huo wa sauti hujenga hoja nzima ya malezi: asiyeadhibiwa hawezi kuwa na adabu. Maneno yote mawili yametoka Kiarabuni, lakini kila moja lina mzizi wake. Adhabu ni mateso, maumivu makali. Adabu ni mwenendo mwema, heshima na ustaarabu, na ndiyo iliyotupa neno adibu, mtu wa elimu na uandishi. Kwa Kiarabu hata herufi zinazoyaanzisha ni tofauti. La kwanza huanza kwa ain, sauti ambayo Kiswahili hakikuichukua. Baada ya hapo yamebaki yanatengwa na dh na d tu, na hata mpaka huo hauheshimiwi: si ajabu kusoma lawama kwamba mtoto fulani “hana adhabu”, kana kwamba hilo ni kosa lake.

Matumizi ya kila siku yanaonyesha maana ya asili bado ipo. Waumini huogopa adhabu ya kaburi na adhabu ya moto, na hakuna anayetazamia kwamba mtu wa motoni atatoka huko akiwa mpole zaidi. Abiria aliyebanwa ndani ya daladala ya Mbagala husema safari ile ni adhabu, wala hajakosa lolote. Kiini cha neno ni maumivu. Kosa hufuata nyuma, tena si lazima. Ndiyo maana kuadhibu kunahitaji nguvu tu: Mungu huadhibu, mahakama huadhibu, mwalimu huadhibu, na mnyonge huadhibiwa.

Kazi ya kulea ina maneno yake mengine, na haya ndiyo yanayosahaulika pale adhabu inapotajwa kama chombo pekee cha malezi. Mzazi humwonya mwanawe, humkanya, humkemea, humfunza. Zaidi ya yote humrudi. Kumrudi mtoto ni kumtoa alikopotea na kumleta njiani, na huenda fimbo ikatumika au isitumike; neno halisemi. Kinachotakiwa ni uhusiano: anayemrudi mwenzake ana haki ya kumrudi, na anayerudiwa ana mahali pa kurejea. Mzazi humrudi mwanawe, mwalimu wa chuoni humrudi mwanafunzi wake, lakini hakuna hakimu anayemrudi mshtakiwa. Wanaotetea bakora hukimbilia methali, hasa ile ya samaki akunjwe angali mbichi na ile ya anayechelea mwana kulia. Ya kwanza inazungumzia wakati, ya pili inamsuta mzazi mwoga. Katika zote mbili fimbo haimo. Huletwa na msemaji.

Fimbo yenyewe ina historia inayotia aibu hoja ya kwamba huu ndio utamaduni wetu. Kiboko ni mnyama kabla ya kuwa pigo; jina lilihamia kwenye mjeledi wa ngozi yake, kisha likawa jina la kila mchapo. Chini ya utawala wa Wajerumani mjeledi huo ulikuwa chombo cha serikali. Kanuni ya 1896 iliweka kikomo cha mapigo 25 kwa mara moja, nayo “hamsa-ishirini” ikaingia katika kumbukumbu za watu. Waarabu na Wahindi hawakuchapwa, wala wanawake. Mwili uliolengwa ulikuwa wa mwanamume Mwafrika. Kwamba neno la zama hizo leo linatajwa shuleni kama urithi wa mababu ni kichekesho kichungu. Tanzania Bara bado inaruhusu viboko shuleni kwa kanuni za 2002: visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, na viandikwe kwenye kitabu. Kenya ilikataza, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtishia anayekiuka kwa faini isiyozidi shilingi 100,000 au kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili.

Adabu nayo imenajisiwa. “Kutia adabu” na “kushikisha adabu” ni maneno ya mbabe, na kurasa za michezo huyatumia timu inapofungwa mabao manne. Hayahitaji kosa wala kesi, yanahitaji aliye juu na aliye chini. Kukomesha na kunyoosha ni ya ukoo huo huo. Tangu mwishoni mwa 2015, Rais John Magufuli alipoeneza msemo wa kutumbua majipu, kufukuzwa kazi hadharani kukapewa jina la tiba, na jipu, kama ijulikanavyo, haliitwi kujitetea. Werevu zaidi ni wale wasemao “atakiona cha moto” au “atakiona cha mtema kuni”: kinachoonwa hakitajwi, na anayekionyesha hayumo kabisa katika sentensi. Mtaani mfungwa “amekula mvua thelathini”, yaani miaka, na mwanafunzi “amekula viboko”. Aliyetendwa amegeuzwa mtenda, na mlaji ndiye mwenye lawama.

Mahakamani mpangilio upo, ila wasomaji wa magazeti huuvuruga. Hukumu ni uamuzi, na inaweza kumwachia mtu huru. Kutiwa hatiani ni hatua moja, adhabu ni nyingine inayofuata. Anayesikia “imetolewa hukumu” akadhani tayari mtu amefungwa ameruka hatua mbili.

Kisasi kinatokana na neno la Kiarabu la malipo yaliyopimwa, jicho kwa jicho na si zaidi. Katika Kiswahili cha leo kipimo kimepotea, imebaki hasira. Kupatiliza, neno linalosikika zaidi makanisani kuliko sokoni, ni kumbana mtu kwa uovu uliokwisha kupita, hata uovu usio wake. Faini na fidia ndizo zinazochanganywa kwa hasara kubwa zaidi. Mtu “hupigwa” faini, kitenzi kile kile cha fimbo, na fedha huingia kwenye hazina ya serikali. Fidia hulipwa, na huenda kwa aliyeumizwa. Mwenye mbuzi aliyeibiwa, anayeshangilia mwizi alipopigwa faini kubwa, hajalipwa kitu mpaka mahakama iamuru fidia.