Ukinitoa Ugali, Uniwekee Nini?

Tangu mafunzo ya Profesa Mohamed Janabi yaanze kusambaa kwenye simu zetu, kila bweni lina mtu "aliyekata wanga". Profesa huyu, bingwa wa moyo aliyewahi kuongoza Muhimbili na ambaye tangu 2025 ni Mkurugenzi wa WHO Kanda ya Afrika, ametuamsha kuhusu sukari na sahani zilizofurika wanga. Sina ugomvi naye. Ugomvi wangu ni na sisi tunaosikia ushauri nusunusu: mchana tunaondoa ugali, hatuweki kitu mahali pake, saa tatu usiku tuko kwa muuza maandazi tukijilaumu kwamba hatuna msimamo.

Msimamo gani? Hiyo ni njaa tu. Tumbo lililozoea bonge la ugali ukilipa vijiko viwili vya mchicha litadai haki yake. Protini na nyuzinyuzi ndizo zinazokaa tumboni, na hizo hatuziongezi.

Kwetu Ujiji sahani imepangwa hivi: ugali wa muhogo umekaa katikati kama mwenyekiti, dagaa wachache pembeni. Zaidi ya robo tatu ya unga wa muhogo ni wanga, protini ni kiduchu. Shangazi yangu ana kisukari, na likizo iliyopita nilipomgusia habari ya kupunguza ugali aliniuliza, "Sasa mwanangu, mgebuka nimle mtupu kama karanga?"

Swali zuri kuliko mengi ya kwenye semina. Alimuona daktari kwanza, maana anayetumia insulini au baadhi ya vidonge akikata wanga ghafla sukari inaweza kushuka hadi akazimia. Kisha tukaigeuza sahani: migebuka miwili, kisamvu cha kutosha, ugali wa ukubwa wa ngumi, tena unaliwa mwisho. Hamu haijaisha. Jioni bado anaitaja mihogo ya kukaanga kwa huzuni. Ila haombi tena sahani ya pili.

Sisi wa ualimu tunafundishwa kuanza na kile mwanafunzi anachokijua. Orodha za mitandaoni zinaanza na lozi, brokoli na mafuta ya zeituni. Nani anauza brokoli Mwandiga? Anza na dagaa, mayai, karanga, parachichi, kisamvu. Mawese nayapenda kufa, ila kwa kiasi, kwani karibu nusu ya mafuta yake ni ya aina ile inayopandisha lehemu.

Kinachoniuma zaidi ni bei. Kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika ulisimamishwa ili samaki wazaliane. Naunga mkono, bila hivyo hata mgebuka wa kesho hatutamuona. Lakini mgonjwa aliyeambiwa ale samaki apunguze ugali, miezi mitatu hiyo anakula nini kama hakununua dagaa wakavu mapema?

Na huku chuoni? Nyongeza ya ugali ni bure, kipande cha pili cha samaki unalipia. Boom likikata, hata mwenye nia ya chuma anarudi kwenye ugali. Kwa hiyo viongozi wetu wakikaa na wenye migahawa muhula ujao, waombe sahani moja tu: ugali nusu, maharage na mboga mara mbili, bei ileile.