DAWA YA SUKARI SI YA SIKU TATU



Tumezoea dawa ya malaria: unakunywa siku 3, homa inaisha, unarudi shambani. Ndiyo sababu wazee wengi wanapotea juu ya ugonjwa wa sukari. Koko anakunywa kinini mwezi mmoja, kiu inapunguka, usiku haamkiamki tena kwenda kukojoa, basi anasema: «Nimepona», na anaacha. Hajapona. Ile nguvu anayosikia ni kazi ya dawa yenyewe. Akiacha, sukari inapanda tena pole pole katika damu, inaharibu macho, mafigo na miguu bila kelele.

Wengine kati yetu wanasemaka: «Hiyo ni kazi ya muganga.» Sisi tunakataa. Muganga anamwona mzee siku moja moja tu. Sisi tunalala naye nyumba moja. Tena maandiko ya kartoni ya dawa iko kwa Kifaransa. Kama kusoma kwetu hakumsaidii koko kujua kinini cha asubuhi na cha magaribi, tunasomea nani?

Tufanye hivi. Tuandike saa za dawa kwenye kalendari ya ukutani, na tupige alama kila akiisha kunywa. Tuhesabu kinini kila juma. Zikibakia za siku 7, turudi kituo cha afya, tusingoje ziishe.

Lakini tusimwamrishe mzee sawa askari. Tumuulize kwa heshima: «Koko, kwa nini umeacha?» Pengine feza zimekosekana. Pengine metformin inamsumbua tumbo, na angeinywa pamoja na chakula angepata nafuu. Pengine anaogopa kwa sababu ya njaa, na hapo ana haki: glibenclamide inashusha sukari hata kama mtu hajakula. Akitetemeka na kutoka jasho, apewe maji ya sukari mara moja. Akizimia, tusimtie kitu kinywani, tumkimbize kwa muganga. Sababu yoyote atakayosema, tuipeleke kwa muganga, yeye ndiye abadilishe dawa.

Wale wa sindano wanasema: «Hatuna firigo.» Mwaka 2021 Médecins Sans Frontières na Chuo Kikuu cha Geneva walionyesha, kwa kufuata joto ya nyumba za kambi ya Dagahaley kule Kenya, kwamba insulini inaweza kukaa wiki 4 katika joto ya digrii 25 mpaka 37 bila kupoteza nguvu. Basi tuulize muganga namna ya kuiweka, mbali na jua na moto.

Tena tusisahau vita vya Januari 2025 hapa Masisi. Fishi na dawa za mzee zikae katika kifuko kimoja, karibu na mlango. Siku ya kukimbia, kifuko kile kitoke mbele ya sufuria.

Na wale wanaosema mwenye imani aache dawa, wasome habari ya mfalme Hezekia. Mungu alimwahidi kupona, na hata hivyo Isaya aliagiza tini ziwekwe juu ya jipu lake. Maombi na dawa havigombani.

Likizo inakaribia. Kila mmoja wetu akifika nyumbani, aombe kuona fishi ya mzee wake, na waisome pamoja.

Mungu awalinde wazee wetu.