Kinga, milima na njia yenye watu

Juma hili tunazungumza juu ya kinga. Tunajua, katika Kiswahili cha vitabu neno hilo ni ulinzi, na chombo chenyewe kinaitwa baiskeli. Lakini hapa Kamango ukisema kinga kila mtoto anawaza magurudumu mawili, na sisi tutasema hivyo hivyo.

Kuna inchi ambako watu wazima wanapanda kinga kwa kujifurahisha tu. Siku ya mapumziko wanatafuta barabara ndogo za vijijini, zenye milima, zisizo na magari, na wanakwenda kilometa 50 ao 100 bila kubeba hata kilo moja ya muhogo. Wanachapishiwa ramani za njia hizo. Wanachokitafuta ni kimya. Sisi milima tunayo, Ruwenzori iko mgongoni mwetu. Magari hayatusumbui, ni machache. Kimya nacho tunacho, na hapo ndipo tunaachana nao, kwa sababu kwetu njia yenye kimya ndiyo njia ya kuogopa.

Si lazima tueleze sana. Tarehe 11 Julai 2013 Kamango ilishambuliwa, na makumi ya maelfu ya watu walivuka mpaka kukimbilia Bundibugyo. Kila mmoja wetu anakumbuka kilichopakizwa juu ya kinga siku ile: godoro, sufuria, mzee asiyeweza kutembea. Barabara ya kwenda Mbau, ile inayovuka Semuliki na kutufikisha Beni, ilikaa miaka mingi bila wasafiri wa kawaida, na majani yakaila. Desemba 2017 hata kambi ya askari wa Umoja wa Mataifa iliyokuwa kwenye barabara ile ilishambuliwa, wakafa Watanzania zaidi ya 10. Aliyetaka kwenda Beni kumwona mamake alizunguka kwa watu: Nobili, Bundibugyo, Fort Portal, Kasese, halafu Kasindi ndipo arudi Congo. Kutoka mwisho wa 2021, askari wa Uganda walipoingia kufanya kazi pamoja na wale wa kwetu, barabara ile ilianza kufunguliwa.

Basi mama akituuliza njia gani ni nzuri kwa kinga, hatuanzi na mawe wala matope. Tunamuuliza: nani mwingine anapita pale, na saa ngapi? Njia ya Nobili siku ya soko ina vumbi, ina pikipiki zinazokukata bila huruma, ina bariyeri, na bado ni bora kuliko kanjia kazuri kanachopita kivulini kati ya mashamba ya kakao. Usiwe wa kwanza kupita asubuhi, usiwe wa mwisho kurudi jioni. Ukifika kijiji ambacho kila siku watoto wanakukimbilia wakikuita, na leo hakuna mtoto, hakuna moshi wa jikoni, milango imefungwa, usiendelee ili ujue kuna nini. Geuza. Na kama ni saa za watu kurudi kutoka soko na hujakutana na mtu hata mmoja, jiulize wamepita wapi.

Katika jambo hilo kinga inaishinda pikipiki. Mwenye pikipiki hasikii kitu isipokuwa mashine yake. Mwenye kinga anasikia ndege walionyamaza, anasikia anayeita kutoka shambani. Lakini ubaya wake ni huohuo: kinga haitoi sauti. Askari aliyechoka, usiku unapoingia, akiona kitu kinamfikia bila mlio anaweza kushituka na kufanya vibaya. Piga kengele mapema, shuka mbali na bariyeri, tembea ukisukuma, salimia kwanza. Wamama wengine wanaona kushuka ni kujidharau. Sisi tunaona ni akili.

Sasa mzigo. Wengi wetu hatupandi kinga, tunaisukuma, na ni kakao inayotusumbua kwenye mlima. Kilo 100 za mbegu mbichi zikichachuka siku 5 ao 6 na kukauka vizuri zinabaki kilo 40 hivi, mara nyingine chini yake. Maana yake mama anayesukuma kakao mbichi mpaka kwa mnunuzi anapandisha maji mlimani, na maji yale halipwi. Tunajua kwa nini anafanya hivyo: mtoto amefukuzwa masomo, pesa inatakiwa leo, na mbegu zilizoanikwa lupangoni zinaita wezi, zaidi kutoka mwaka 2024 bei ya dunia ilipopita dola 10.000 kwa tani moja. Lakini kikundi kinaweza kuanika pamoja na kulinda kwa zamu, jambo ambalo mama mmoja hawezi. Na siku ya kupeleka haitangazwi kwenye kisima.

Mfuko ufungwe chini, pande mbili ziwe sawa. Ukiufunga juu sana, kwenye kona kinga itakuangusha kabla hujajua. Kupanda ni jasho tu; anayeua ni mteremko. Zile freni za mpira, mvua ikinyesha, hazishiki kitu, na mfuko wa kilo 60 nyuma yako haujui kusimama. Mteremko mkali tunashuka kwa miguu, mtu wa pili akivuta kamba kutoka nyuma. Mtoto asikalishwe juu ya mzigo, hata kama ni karibu, hata kama analia. Kitambaa kifungwe mbali na sheni, na ndani mama avae suruali, atakayecheka acheke.

Tunafika kwenye jambo linaloleta maneno: wasichana. Baadhi ya wazazi wanatuambia kinga inaharibu ubikira, wengine wanasema itamzuia kuzaa. Si kweli. Msichana huyohuyo tunamtwika bidoni ya lita 20 mara tatu kwa siku na hakuna anayehofia tumbo lake! Kaka yake anapewa kinga kwenda masomo ya sekondari, yeye anatembea, anachelewa, anachoka, na mwaka unaofuata hatumwoni tena darasani. Tunaandika jina lake kwenye orodha ya walioacha, na mara nyingi tunasikia yuko kwa mume.

Kule India, katika jimbo la Bihar, serikali ilianza mwaka 2006 kuwapa wasichana wanaoingia darasa la 9 pesa za kununua kinga. Waliofuatilia jambo hilo walikuta hesabu ya wasichana waliojiandikisha ilipanda karibu theluthi moja, na faida ilikuwa kubwa kwa wale wanaokaa mbali na masomo. Na Septemba 2025, mashindano ya kinga ya dunia yalipofanyika Afrika mara ya kwanza, wanawake walipanda na kushuka milima ya Kigali zaidi ya kilometa 160 kwa siku moja. Tunajua jina la mji huo linachoma mioyo ya wengi katika Kivu yetu. Tunazungumza juu ya miguu ya wanawake, si juu ya siasa.

Msichana mmoja juu ya kinga yuko peke yake kwenye njia yenye kimya, na hilo hatulitaki. Wasichana 10 wanaotoka pamoja, wanaorudi pamoja, ni njia yenye watu. Kwa hiyo tunaomba vikundi vya likelemba na AVEC viweke jambo hili kwenye mkutano ujao: kila kikundi kinunue kinga moja kwanza, nzito ya kubeba mizigo, itumiwe kwa zamu, na fundi alipwe kutoka sanduku la kikundi kabla haijavunjika, si baada. Iandikwe kwa jina la kikundi. Ikiandikwa kwa jina la mume wa mtu, mnajua itakavyolala kwake.

Jumamosi, kama hali ya njia ni nzuri, tutakuwa uwanja wa mpira nyuma ya masomo, asubuhi baada ya usafi. Wasichana wa sekondari wanaojua kupanda watawafundisha mama zao. Tuna kinga tatu za kuazima, moja haina freni ya mbele, hiyo ni ya kujifunza kusukuma tu. Mwenye pompi aje nayo.