Mahindi ya Nyumbani Nayo Yapimwe

Mkoani Katavi, kama kwingi nchini, wengi huamini kwamba sumu katika chakula huletwa na viwanda. Unga wa pakiti hutiliwa shaka, lakini gunia la mahindi lililotoka Mpimbwe, Nsimbo au Mishamo huingia jikoni bila swali, kwa hoja kwamba ni chakula cha asili na hakina kemikali. Hoja hiyo ni potofu. Mojawapo ya kemikali kali kabisa zinazosababisha saratani ya ini haitoki kiwandani. Hutengenezwa na kuvu ndani ya mahindi na karanga, shambani na ghalani.

Kemikali hiyo ni aflatoksini, ambayo pamoja na jamaa zake hujulikana kama sumukuvu. Iligunduliwa baada ya bata mzinga zaidi ya 100,000 kufa Uingereza mwaka 1960 kwa kula mashudu ya karanga. Moto wa kusongea ugali hauiondoi. Kukoboa huipunguza, kwa kuwa sehemu kubwa yake hukaa kwenye ganda na kiini. Dona, linalosifiwa kwa lishe, huibakiza. Jicho nalo halitoshi. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa Afrika Mashariki katika mahindi ni sehemu 10 kwa bilioni, yaani gramu 10 katika tani 1,000, na punje nyeupe zisizo na doa zinaweza kukivuka.

Ushahidi haupo mbali. Mwaka 2016 watu 68 waliugua katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na 20 kati yao wakafariki. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, waliugua 317 na kufa 125. Mara zote mbili chanzo hakikuwa kopo wala pakiti kutoka nje, bali mahindi yaliyolimwa na kuhifadhiwa humohumo vijijini. Vifo vya namna hiyo, hata hivyo, ni sehemu ndogo ya madhara. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulifuatilia watoto 166 wa vijiji vya Iringa, Kilimanjaro na Tabora, huo wa mwisho ukiwa jirani wa Katavi. Zaidi ya wanane kati ya kumi walikuwa na alama za aflatoksini katika damu walipoanza kuchunguzwa, na baada ya miezi kadhaa karibu wote walikuwa nazo. Sumu huwafikia watoto kupitia uji wa lishe, wa mahindi na karanga, uleule ambao mama husifiwa kwa kuusagia unga mwenyewe.

Imani hiyohiyo huwafanya baadhi ya wakulima kuikwepa dawa ya kuhifadhia nafaka. Hofu yao ina sababu: dawa ya pamba ikinyunyizwa kwenye mahindi ya kula ni hatari kweli, na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu ina kazi ya kuhakikisha kila dawa inatumika pale iliposajiliwa kutumika. Lakini gunia lisilo na kinga yoyote huachiwa dumuzi, mdudu aliyetoka Amerika ya Kati na kuonekana kwanza Tabora miaka ya mwanzo ya 1980. Punje iliyotobolewa hufungua njia ya kuvu. Anayeukimbia unga wa dawa bila kutumia mfuko usiopitisha hewa hubadilisha kemikali iliyopimwa kwa isiyopimwa.

Kosa kubwa zaidi ni kwamba usimamizi wa serikali nao umejengwa kana kwamba imani hii ni kweli. Kazi ya usalama wa chakula ilikuwa ya Mamlaka ya Chakula na Dawa tangu 2003. Julai 2019 ikahamishiwa Shirika la Viwango Tanzania. Nyenzo zake ni usajili wa majengo ya biashara, usajili wa bidhaa, alama ya ubora na ukaguzi wa maduka. Zote ni za lazima, lakini zote husubiri chakula kiwe bidhaa. Mahindi yanayotoka shambani kwenda mashine ya kusagia ya mtaani, kisha mezani, hayapiti mbele ya mkaguzi hata mmoja. Yanayovuka mpaka ndiyo hupata mtetezi: Machi 2021 Kenya ilipozuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya aflatoksini, suala likawa la mawaziri kwa siku chache, kisha biashara ikarudi kwa masharti ya cheti. Mlaji wa Mpanda, mkoani Katavi, hakutajwa katika masharti hayo.

Hudaiwa kwamba serikali haiwezi kukagua kila ghala la kijiji. Katavi yenyewe inakanusha dai hilo. Tumbaku ya mkoa huo, ambayo hakuna anayeila, hupangwa madaraja na wateuzi wa serikali, robota kwa robota, kwenye masoko ya vyama vya msingi, na unyevu wake huangaliwa kabla ya bei. Kilichokosekana kwa mahindi ni nia. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula hununua nafaka yenye unyevu usiozidi asilimia 13.5, kwa kuwa unyevu ukizidi kuvu hustawi. Kipimo cha unyevu huo kingeweza kuwekwa kwenye kila ofisi ya kata na kila mashine ya kusagia kuanzia Mei, mvua zikishakatika na mahindi yakianza kuvunwa. Kabla ya kipimo hicho kufika, afisa ugani anaweza kufundisha cha chumvi: mahindi na chumvi kavu hutikiswa ndani ya chupa kavu, na chumvi ikinata kwenye chupa, nafaka bado haifai kuhifadhiwa. Turubai la kuanikia lina thamani kuliko mabango kumi ya uhamasishaji.

Linabaki swali la mahindi yanayokataliwa. Kwa sasa hayatupwi. Huuzwa kwa mlanguzi, huenda kwenye pombe, au hulishwa kuku na ng'ombe, na kwa ng'ombe sumu hupita hadi kwenye maziwa. Sheria ya ukaguzi isiyosema nani atanunua shehena mbovu ili iteketezwe itamfundisha mkulima jambo moja tu, kuificha. Fedha za kuifidia zinapaswa kuwamo katika bajeti ya ukaguzi kabla kipimo cha kwanza hakijapelekwa kijijini.