Buibui wa Shimoni Kama Zana ya Kufundishia

Katika vyuo vyetu vya ualimu husisitizwa kwamba zana bora ya kufundishia ni ile ipatikanayo katika mazingira ya mtoto mwenyewe. Kauli hiyo ni ya kweli, na hakuna mwalimu hodari atakayeipinga. Lakini kauli ya kweli ikishikwa nusu huweza kuzaa mafunzo ya uongo. Zana ikiwa ni jiwe, jani au gunzi la muhindi, mwanachuo anaweza kuiokota alfajiri na kuifikisha darasani saa mbili asubuhi bila ya kuidhuru. Zana ikiwa ni kiumbe hai mambo huwa mengine, kwa kuwa mahali akaapo kiumbe huyo ni sehemu ya somo lenyewe. Nitalieleza jambo hili kwa mfano mmoja tu: buibui mkubwa mwenye manyoya aishiye shimoni, ambaye wanachuo waendao mazoezi ya kufundisha Kwedizinga, au katika vijiji vingine vya Handeni na Korogwe, waweza kukutana naye bila ya kumtafuta.

Buibui huyu ni wa jamii ambayo wataalamu wameipa jina la nyani, kwa kuwa ncha za miguu yake hufanana na vidole vya mnyama huyo. Ajulikanaye zaidi katika sehemu zetu ni Pterinochilus murinus, aliyepewa jina hilo na Pocock mwaka 1897. Wengine wa aina hii ni wa kijivu, wengine wa kahawia, na wengine wana rangi ya chungwa lililoiva. Wapo watu Ulaya na Marekani wanaomfuga nyumbani kama wengine wafugavyo kasuku, na yule wa rangi ya chungwa wamemwita kwa jina la milima yetu ya Usambara. Sijui kama wasomaji wanaiona ajabu iliyomo humo. Mtoto wa Ujerumani aweza kukutajia kina cha udongo anachokihitaji buibui huyu, hali mtoto wa Korogwe, aionaye Usambara kila atokapo nje, hajui ila kumponda kwa jembe. Mwaka 2016 Serikali yetu ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nchi za nje, na ilifanya vyema. Lakini kumzuia mnyama asiuzwe si sawa na kumfahamu.

Sasa tuingie darasani. Katika kupima mazoezi ya kufundisha, mkufunzi hutazama zana, na zana iliyo hai humpendeza. Wanachuo wanalijua hilo. Nimepata kukaa nyuma ya darasa moja ambamo buibui wa shimoni aliletwa ndani ya chupa ya jemu, chini mna kioo kitupu, na chupa yenyewe imewekwa dirishani penye jua. Buibui alikuwa ameikunja miguu yote minane chini ya tumbo. Mtoto mmoja akauliza mbona hafanyi lolote, akajibiwa kwamba buibui ni mvivu wakati wa mchana. Ukweli ni kwamba alikuwa akifa. Buibui hainyoshi miguu yake kwa misuli peke yake kama sisi. Huinyosha kwa kusukuma maji ya mwilini kuelekea miguuni, na maji hayo yakipungua miguu hujikunja. Watoto arobaini waliandika katika madaftari yao uvivu wa kiumbe aliyekuwa na kiu.

Rai yangu ni kwamba shimo litangulie, buibui afuate. Mwanachuo asiyeweza kutengeneza shimo asimtoe buibui mahali pake. Awapeleke watoto kwenye shimo la porini, nalo ni somo zuri kabisa.

Kutengeneza shimo si kazi ya gharama kubwa. Seremala wa kijijini aweza kuunda sanduku la mbao lenye kina cha sentimita 40, ubavu wake mmoja ukiwa ni kioo. Udongo uchukuliwe karibu na pale buibui alipopatikana, uloweshwe kidogo tu, kisha ushindiliwe tabaka kwa tabaka hadi ufikie sentimita 30. Udongo usioshindiliwa humwangukia mchimbaji. Nafasi itakayobaki juu iwe ndogo, wala si kwa ajili ya kubana matumizi ya mbao: buibui huyu hupanda kioo kwa urahisi, na akianguka kutoka juu tumbo lake, ambalo ni laini mno, hupasuka. Kisha mwalimu achome tundu la mshazari kwa kijiti kinene kama kidole gumba, tundu hilo likishuka sambamba na kioo. Nje ya kioo kitundikwe kitambaa cheusi. Hapa ndipo penye siri ya kazi yote, maana buibui huikimbia nuru, na akiona giza upande wa kioo huenda akachimba akikifuata. Siku ya somo kitambaa huinuliwa kwa dakika chache, na watoto huona kwa ubavuni yale ambayo porini yamefichika ardhini: njia aliyoichimba, utando alioutandika ukutani, na yeye mwenyewe amekaa ameelekeza miguu ya mbele mlangoni.

Mfuniko uwe wa mbao yenye matundu madogo, ufungwe kwa komeo. Wavu wa waya haufai, kwani kucha zake hunasa humo. Maji yawekwe katika kifuniko cha chupa. Panzi mmoja kwa juma humtosha, na mabaki yaondolewe yasioze. Ila panzi asichukuliwe katika shamba lililopigwa dawa ya wadudu, kwani dawa hiyo humwua na buibui. Siku atakapokataa chakula asilazimishwe, maana huenda anajiandaa kujivua gamba. Akionekana amelala chali asiguswe wala asitupwe kwa kudhaniwa kuwa amekufa. Hivyo ndivyo ajivuavyo, na kazi hiyo huweza kuchukua saa kadhaa. Darasa lililobahatika kuliona tukio hilo halina haja ya kuchorewa picha ubaoni.

Wako watakaosema kuwa ninawaletea watoto hatari. Hofu yao ina msingi. Buibui huyu ni mkali, huinua miguu ya mbele na kuonyesha meno kabla ya kuuma, na sumu yake huleta maumivu makubwa pamoja na kukakamaa kwa misuli, ingawa haijulikani kuwa imepata kumwua mtu. Kwa sababu hiyo hasa napinga desturi ya kumshika mkononi ili mwalimu aonekane jasiri. Mtoto akimwona mwalimu wake akimshika buibui, kesho atatia mkono shimoni. Buibui ahamishwe kwa kikombe na kipande cha kadi bodi, na mwalimu peke yake ndiye afungue sanduku. Atakayeumwa apelekwe zahanati bila ya kuchelewa.

Faida ya kazi hii kwa somo la Sayansi ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Lugha yetu humweka panzi, tandu, nge na buibui katika neno moja, mdudu, na kwa maisha ya kila siku neno hilo latosha. Mwalimu wa Sayansi hapana budi kuligawa: mdudu wa kitaalamu ana miguu sita na mwili wa sehemu tatu, buibui ana miguu minane na mwili wa sehemu mbili. Mtoto akilikariri jambo hilo hulisahau baada ya mtihani. Akilihesabu mwenyewe kupitia kioo, panzi akiwa upande huu na buibui upande ule, hatalisahau. Aidha watoto wengi wa Handeni wamesikia chuoni kwao habari za buibui aliyefuma utando katika mlango wa pango la Thaur Mtume alipokuwa akitafutwa na adui zake. Wanampenda buibui wa kisa hicho, kisha wakitoka nje wanamwaga maji ya moto katika shimo la buibui mwingine. Mwalimu anayejua kuunganisha mambo hatakosa pa kuanzia.

Jambo moja zaidi nawaomba wanachuo walitie maanani, nalo ni umri. Buibui dume akishakomaa haishi muda mrefu. Huzurura usiku akitafuta majike, na ndiye aingiaye majumbani. Jike hubaki shimoni mwake na huweza kuishi zaidi ya miaka 10. Basi yule aliye kando ya uwanja wa mpira huenda analingana kwa umri na mtoto wa Darasa la Nne anayetaka kumchokoa kwa kijiti. Waambieni watoto hivyo, muone watakavyonyamaza.

Kwa hiyo sishauri buibui awe mali ya shule daima. Kabla ya kumchukua, mwalimu aulize ofisi ya wanyamapori ya wilaya kama anaruhusiwa, kwani tunayo Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Akishakubaliwa, amweke kwa majuma machache ya muhula, asimwache likizo akiwa amefungiwa ndani ya darasa lisilo na mtu. Jike mwenye mfuko wa mayai asitolewe kabisa. Shimo la awali litiwe alama ya kijiti tangu siku ya kwanza, na kurudishwa kwake kufanyike jioni jua likikaribia kuchwa, watoto wakiwa wamesimama hatua kadhaa nyuma. Kama shimo limebomoka kwa mvua, achomewe tundu jingine la mshazari karibu na hapo, lenye kina cha kiganja. Lililobaki atalichimba mwenyewe usiku huo.