UFUNDI WA MIKONO: Bakuli la Ulimbo na Matumizi Yake

Tangu kale Wamaasai wa nchi ya Kajiado walikuwa na wahunzi wao, watu wa ukoo wa Ilkunono. Hao ndio waliofua mikuki na sime, na kuikunja waya wa shaba hata ikawa mapambo ya mviringo yavaliwayo na wanawake walioolewa. Ajabu ni kwamba watu hao, ambao bila kazi yao morani asingeweza kulinda ng'ombe, hawakupewa heshima. Watu wa koo nyingine hawakukubali kuoana nao, na aliyepokea mkuki mpya kutoka kwa mhunzi alitumia mafuta kwanza ili kuondoa unajisi wa mkono ule. Siku hizi mkono uo huo hutafutwa. Huko Kitengela, ambako Nani Croze alianzisha kiwanda kigeuzacho vioo vikuukuu kuwa vyombo na madirisha ya rangi, watu wamekwisha kuona kwamba kazi ya mikono huweza kulisha nyumba.

Lakini kukunja waya ni kazi moja, na kuinua sura ya ng'ombe au mgunga juu ya bamba la shaba ni kazi nyingine kabisa. Fundi akiliweka bamba juu ya fuawe na kulipiga, hulibapaza tu. Akiliweka juu ya ubao, shaba hubonyea mahali asipopataka. Bamba lahitaji kitanda chenye tabia mbili zipinganazo, yaani kiwe laini kiasi cha kulegea chini ya nyundo, tena kiwe kigumu kiasi cha kulishika bamba pande zote lisisogee. Kitanda hicho ni ulimbo uliochanganywa na unga wa matofali na mafuta kidogo, nao humiminwa katika bakuli la chuma. Benvenuto Cellini, sonara mashuhuri wa Italia, alieleza mchanganyiko wa namna hii katika kitabu chake cha mwaka 1568, na wafua shaba wa Patan katika nchi ya Nepali hutumia ulimbo, unga wa matofali na mafuta ya haradali mpaka leo.

Bakuli lenyewe liwe zito, tena la duara upande wa chini kama nusu ya chungwa. Asiyeweza kununua la chuma kizito aweza kutwaa karai ya waashi na kuijaza zege mpaka nusu ili ipate uzito. Mitungi mikuukuu ya gesi hupendwa na mafundi wengi kwa umbo lake, ila kuikata ni hatari, maana gesi ibakiayo ndani huweza kulipuka. Bakuli hukalishwa juu ya kata, kama ile ambayo mwanamke huiweka kichwani chini ya mtungi wa maji, iwe ya kamba au ya mpira wa gari. Juu ya kata hiyo bakuli hugeuka na kuinama kila upande autakao fundi.

Ulimbo ufaao ni ule wa msonobari. Wako wajaribuo lami ya barabarani kwa kuwa hupatikana bure, lakini moshi wake hudhuru mapafu, na jua la Februari huilegeza. Ulimbo mtupu nao haufai, kwa maana ni mkavu na huvunjika vipande kama kioo. Kwa hiyo hupikwa polepole nje ya nyumba, katika chungu chenye kifuniko, juu ya makaa wala si juu ya ndimi za moto. Ukishayeyuka hutiwa unga wa matofali uliochekechwa, karibu sawa na uzito wa ulimbo wenyewe, kidogo kidogo huku ukikorogwa. Unga huo sharti uanikwe kwanza ukauke kabisa. Unyevu ukiingia katika ulimbo wa moto hutoa povu na kuruka usoni. Mwisho hutiwa mafuta ya ng'ombe au ya kondoo, ambayo Kajiado hayana uhaba. Mafuta yakizidi kitanda huwa laini, na unga ukizidi huwa kigumu. Basi asubuhi za baridi za Julai fundi huongeza mafuta, na wakati wa joto huongeza unga.

Ulimbo ukishika moto, chungu kifunikwe na kuondolewa makaani. Asithubutu mtu kumwagia maji. Na ukimrukia mtu mkononi, mkono utiwe katika maji baridi papo hapo kwa muda wa dakika ishirini, wala ulimbo usibanduliwe, kwa maana ngozi itatoka nao. Kisha aende hospitali hivyo hivyo, naye mganga atajua la kufanya.

Bakuli likiisha kujaa na kupoa, kazi yenyewe huanza. Bamba la shaba huchomwa mpaka liwe jekundu la giza, ndipo hulainika. Pembe zake hukunjwa chini kidogo ziwe kama makucha. Upande wa nyuma hupakwa mafuta membamba, uso wa ulimbo hupashwa moto kwa kuupitishia mwali juu juu, kisha bamba hukandamizwa taratibu, likianzia upande mmoja ili hewa itoke. Hapa ndipo wengi wanapoharibikiwa. Penye hewa chini ya shaba hapana kitanda, na pigo likiangukia hapo hutoboa. Bamba lililogharimu mshahara wa siku kadhaa huwa chakavu kwa pigo moja tu. Kwa hiyo fundi mwenye subira hugonga bamba lote kwa ukucha kabla ya kuanza. Palipo imara hutoa sauti nzito, na penye uwazi hulia kama debe.

Vyombo vya kupigia hufanywa kwa chuma cha pua, kama tupa kuukuu, na ncha zake hung'arishwa sana, kwa sababu kila mkwaruzo ulio katika ncha utaonekana katika shaba. Nyundo iwe nyepesi, mapigo mengi na madogo, na kidole cha mwisho kipumzike juu ya bamba ili chombo kisiteleze. Shaba ikianza kuwa ngumu na mlio wake kupanda, isilazimishwe. Bamba hupashwa moto, huinuliwa kwa koleo, hufutwa kwa mafuta ya taa, huoshwa kwa maji ya moto yenye magadi, halafu huchomwa tena. Kaunti iliyo na ziwa la Magadi haina haja ya kununua sabuni ya kazi hii.

Baada ya kuinuliwa kutoka nyuma, bamba hugeuzwa ili mistari ichorwe kwa mbele. Mashimo yaliyo nyuma sharti yajazwe ulimbo ulioyeyushwa kabla ya kugeuza, la sivyo ng'ombe aliyeinuliwa kwa siku mbili atabonyea kwa dakika moja. Mafundi wenye haraka huiruka hatua hii, nao hujulikana kwa wanyama wao wenye mbavu zilizoingia ndani.

Ulimbo uleule hutumika miaka mingi. Ukikauka huongezwa mafuta, na bakuli lifunikwe kwa gunia jioni, maana vumbi la Kitengela likiukalia ulimbo, shaba haishiki.