Kompyuta Moja Ikilala, Usiongeze Kifurushi



Hii stori unaijua. Simu ya brathe inacheza video bila kukwama. Runinga iko sawa. Lakini kompyuta moja, na kawaida ni ya yule mtu ako na kazi ya kutuma leo, inazungusha tu kale kaduara. Mwenye kompyuta anaenda kwa mathe na hukumu tayari: "Hii waifai imezeeka, tuongeze kifurushi." Na kwa sababu yeye ndiye "mtu wa kompyuta" pale kwa nyumba, mathe anaamini. Analipa.

Msimamo wangu ni huu: kama ni mashine moja tu inaburuta, kuongeza kifurushi ni kutupa pesa, na ni pesa ya mtu aliyekuamini. Ukipanda kifurushi cha shilingi 1,000 zaidi kwa mwezi, hiyo ni 12,000 kwa mwaka. Na kompyuta yako bado italala.

Fikiria maji. Mifereji yote ya nyumba inatiririka vizuri, ila wa bafuni unadondosha tone tone. Nani huenda kununua tangi kubwa? Unakagua mfereji wa bafuni. Kwa maji tuko na akili, lakini tukifika kwa intaneti tunakimbilia M-Pesa.

Sasa, kukagua si lazima uwe fundi. Mimi niliachana na chuo, sina digrii ya kukuonyesha, na kwa hii kazi haihitajiki. Unahitaji utaratibu: badilisha kitu kimoja kwa wakati, pima, kisha uende kwa kingine. Wengi wetu huzima ruta, hufuta programu tatu na kubadilisha nywila kwa mpigo. Ikipona, hujui ni nini kiliponya. Ikirudi tena, unaanza upya.

Anza hivi. Weka simu kando ya kompyuta, mahali pamoja, waifai ile ile. Pima kasi kwa tovuti ile ile kama fast.com, moja baada ya nyingine, huku wengine wametulia kidogo. Na ujue unachosoma. Kifurushi huhesabiwa kwa megabiti, lakini programu nyingi huonyesha upakuaji kwa megabaiti, na baiti 1 ni biti 8. Kwa hivyo ukilipia megabiti 20, faili ikishuka kwa megabaiti 2.5 kwa sekunde, hakuna mtu amekuibia.

Kama namba za simu na kompyuta zinakaribiana lakini kurasa bado zinaburuta, wacha kusumbua waifai. Kwa Windows, bonyeza Ctrl, Shift na Esc pamoja, uone diski na kumbukumbu. Diski ikikaa 100% bila kushuka, shida ni mashine kuchoka, hasa kama bado inatumia diski ya kuzunguka ya zamani. Hapo hapo angalia safu ya mtandao. Unaweza kupata programu ya kuhifadhi picha inapandisha maelfu ya picha kimyakimya, ama mchezo unajisasisha wakati wewe unatafuta mchawi.

Kama kompyuta iko chini sana kuliko simu, tafuta waya wa mtandao uiunganishe moja kwa moja na ruta. Laptopu nyingi za zamani bado ziko na tundu lake. Hii hatua moja inakata kesi katikati. Ikiwa kwa waya inakimbia, mwenye makosa ni upande wa waifai wa hiyo kompyuta. Ikiwa hata kwa waya imelala, jaribu waya mwingine. Ikibaki vile vile, mwenye makosa ako ndani. Zima VPN, maana ile ya bure inaweza kuzungusha data yako hadi Ulaya ndio irudi hapa Nairobi. Jaribu kivinjari kingine kisicho na viongezi.

Upande wa waifai, mtuhumiwa wa kwanza ni masafa. Ruta nyingi za siku hizi hutoa mawili: gigahezi 2.4 na gigahezi 5. Ya 2.4 inafika mbali lakini imejaa. Katika masafa hayo kuna chaneli 3 tu zisizoingiliana, yaani 1, 6 na 11. Sasa fikiria ploti ya ghorofa sita, kila keja na ruta yake. Ni matatu tatu zikibebeshwa abiria wa stendi nzima. Ya 5 iko na nafasi zaidi na kasi zaidi, ila ukuta unaipunguza nguvu haraka. Mara nyingi simu ya brathe iko kwa 5 na laptopu yako imekwama kwa 2.4. Angalia kama kuna jina la pili la waifai yenu linaloishia na 5G. Hiyo si ile 5G ya laini ya simu. Ni gigahezi 5 tu.

Laptopu za mitumba, zile tunaita ex-UK, nyingine ziko na kadi ya waifai inayojua 2.4 pekee. Kuhakikisha kwa Windows, fungua dirisha la amri uandike netsh wlan show drivers. Ukiona 802.11ac, iko na 5. Ukiona b, g na n peke yake, hiyo kadi ni ya 2.4. Dawa ni kaadapta ka USB ka masafa yote mawili, unalipia mara moja tu. Na ukienda kununua laptopu Luthuli, uliza hilo swali kabla ya kutoa pesa, si baada.

Kitu kingine: diski ya nje ya USB 3.0 ikiwa imechomekwa karibu inaweza kuvuruga waifai ya 2.4. Intel wenyewe waliandika kuhusu hili mwaka 2012. Ichomoe, upime tena.

Najua kuna mtu atasema, "Lakini kwetu shida ni laini kweli." Inawezekana. Kama vifaa vyote vinalala pamoja kila saa mbili usiku, na hata kwa waya namba ziko chini ya unacholipia, hiyo si kompyuta yako. Piga simu kwa kampuni ukiwa na namba zako: saa, kasi ya waya, kasi ya simu. Mtu wa huduma akikwambia uongeze kifurushi, muulize kwa nini hata kile mnacholipia hakifiki.

Kwa nyumba nyingi, kijana anayejua kompyuta ndiye huamua pesa ya intaneti iende wapi bila kuitoa mfukoni. Hiyo ni nguvu, na wanaolipa hawana njia ya kukukagua. Kwa hivyo kabla umwambie mtu alipe zaidi, kuwa na namba mbili za kumwonyesha: ya simu na ya kompyuta. Kama hauna hizo namba, bado haujajua shida ni gani.